Habari Niliyoibeba Mpaka Kibirizi

Kila mmoja wenu ameniuliza Kigoma kulikuwaje, nami nimejibu "kuzuri tu" na kubadilisha mazungumzo. Sasa nasikia mmeanza kuhadithiana wenyewe, na katika hadithi mojawapo eti niliwekwa ndani polisi. Sikuwekwa ndani. Ila kuna saa kadhaa pale Kibirizi ambazo ningefurahi kama polisi wangekuja kunichukua.

Kilichonipeleka mnakijua. Mwaka jana, kwenye mtihani wa vitendo wa tamthilia, nilisimama mbele ya darasa, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilibaki nimeuacha wazi kama samaki mpaka Dokta Mbelwa akaniambia nikakae. Nafasi ya kurekebisha ilikuwa moja: kozi yake ya likizo ndefu, tamthilia za Uingereza za miaka mia nne iliyopita, ambayo huifundishia kwao Ujiji kwa sababu wachezaji wa enzi zile nao walizunguka mijini tauni ilipofunga kumbi zao. Nikifaulu, navaa joho pamoja nanyi. Nikikwama tena, nawapungia mkono nikiwa kwenye viti vya wageni.

Morogoro: karatasi isiyo na kichwa wala miguu

Wachezaji wa wakati ule hawakupewa tamthilia nzima. Kunakili kwa mkono kulichosha, tena waliogopa kazi yao isiibwe, kwa hiyo kila mtu alipewa maneno yake peke yake, na juu ya kila fungu maneno mawili matatu ya mwisho ya mtu anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Anayemtangulia ni nani, hakuandikiwa. Mazoezi ya pamoja yalikuwa haba au hayakuwapo. Unaingia, unasikiliza, unaposikia maneno yako ya kushtukia, unasema.

Dokta aliamua tucheze hivyo hivyo, kwa Kiswahili alichotafsiri mwenyewe, mbele ya watu wa Ujiji. Kila mmoja alipokea karatasi yake, tukakatazwa kuonyeshana. Ya kwangu ilikuwa hivi:

*...na mlango ufunguliwe.*
*Mama, nimetoka mbali na sikuleta heri. Mwanao hatunaye tena. Alfajiri alikuwa akicheka; jua lilipozama tulimfunika. Usiniulize kwa nini nimefika mimi na hakufika yeye.*
*...asiniguse mtu.*
*Nilimshika mkono mpaka ukapoa.*

Basi. Huyo mama ni nani, mwanawe kafa kwa nini, mimi ni nani kwao, sijui. Kwa mtu wa kawaida hayo ni maneno ya kukariri akiwa anaosha vyombo. Kwangu mimi, niliyeshindwa kusema hata salamu jukwaani, ulikuwa mlima.

Nilipanda treni Morogoro macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi. Simu niliizima kabisa, maana mama yangu ni mtu wa wasiwasi, na mimi ndiye niliyemrithi. Wawili tukianza kupigiana, tunaambukizana. Kwenye behewa la kukaa nilipata nafasi pembeni ya mama mmoja mnene wa kiasi, aliyejitanda kitenge cha Kikongo, miguu yake ikiwa imezungukwa na mafurushi. Mbele yetu alikaa mzee mwenye kofia ya pama, muuza asali, ambaye alikuwa akirudi kwao upande wa pili wa Tabora.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje. Kaa, kaa. Unakwenda wapi?"

"Kigoma."

"Mwisho wa reli! Basi tuko pamoja."

Alijitambulisha kuwa ni Mama Yotamu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa na kuzeekea hapo hapo ziwani, na "mwana wanje" ni "mwanangu" kwa Kirundi chao. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kuuza mzigo na kumwona huyo Yotamu, mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea mageti. Aliongea juu ya Yotamu mpaka Kilosa: anavyopenda samaki wa migebuka, asivyojua kufua mashuka, alivyomsindikiza stesheni akambebea mafurushi yote mara moja. Akanimegea mkate wa kumimina. Nilimpenda papo hapo, kama mtu mwoga anavyompenda yeyote anayeongea badala yake.

Kisha nikageukia dirishani nikaanza kukariri. Nilidhani nakariri moyoni.

Tabora na mbele yake: mama hali chakula

Ninyi mtakuwa mmeshaona litakalotokea. Mimi sikuliona. Nilikuwa na wasiwasi wangu, na wasiwasi wangu ulijaza behewa zima, hapakubaki nafasi ya wa mtu mwingine.

Kabla ya Dodoma Mama Yotamu alikuwa ameanza kupunguza maneno. Alikuwa akimpigia mwanawe, simu haipatikani. Anaweka, ananitazama kwa pembe ya jicho, anapiga tena. Tabora tulinunua kuku na mihogo dirishani, nikamwekea kwenye kifuniko cha ndoo yake. Hakugusa.

"Mama, tumbo?"

"Hapana. Kula wewe. Una kazi, wewe."

Nikashangaa kajuaje habari za mtihani wangu. Nikadhani nimemsimulia nikasahau.

Zaidi ya Tabora treni ilisimama kwenye kituo kidogo kupisha treni ya mizigo, tukakaa hapo mpaka watu wakashuka kufua nguo kwenye bomba. Nilitembea kando ya reli nikirudia fungu langu, safari hii kwa sauti, nikijipima kama machozi yatakuja. Yalikuja. Nilijivunia. Nilipogeuka, yule mzee wa asali alikuwa nyuma yangu na begi lake, kituo kile ndicho chake. Alinishika bega.

"Binti, mzigo uliopewa ni mzito. Usifanye pupa njiani. Mfikishe kwanza nyumbani."

Nikatazama yale mafurushi ya Mama Yotamu kupitia dirishani, nikamwahidi. "Nitamfikisha, babu, mpaka mlangoni kwake."

Akaniachia chupa ya asali, akakataa kabisa kulipwa, akaenda zake akitikisa kichwa. Nikawaza, watu wa huku wana upendo wa ajabu.

Kwa hiyo niliporudi ndani nikamwambia Mama Yotamu, kwa sauti ya kubembeleza, maana hali yake ilinitia huruma: "Mama, tukishuka Kigoma hutakwenda peke yako. Nitakusindikiza mpaka nyumbani."

Alinitazama kwa muda. Halafu akafunika uso kwa kitenge na kusema kwa upole, "Haya. Asante." Hakuuliza kwa nini. Nani anayeuliza? Kwetu mtu akifiwa mbali na kwake haambiwi njiani. Anatafutiwa mtu wa kukaa naye, asiyemzoea sana, ili uso wake usije ukaitoa siri mapema. Anapewa chakula, anabebewa mizigo, anafikishwa kwa ndugu zake, ndipo anaambiwa. Na anayesindikizwa, akiwa ameelewa, huwa hasemi, kwa sababu kabla hajaambiwa mtoto wake bado yu hai. Nayajua haya tangu utoto. Nililelewa nayo.

Tulipofika Uvinza alisimama mlangoni mwa behewa akapiga simu. Alizungumza Kirundi, nami Mluguru sikuambulia kitu. Alirudi, akakaa, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipoliona ziwa.

Stesheni ya Kigoma hadi Kibirizi

Tulichelewa vibaya. Dokta alikwisha sema kwamba alasiri ya siku hiyo lazima wote tuwe Ujiji kusomewa mpangilio wa kuingia na kutoka jukwaani, na asiyekuwapo karatasi yake atapewa mwingine. Bila karatasi hakuna alama. Nilihesabu: nimfikishe mama Kibirizi, si mbali, nichukue bodaboda, nipite mtaa wa Buzebazeba kutupa begi nilipopanga chumba, nifike Ujiji kwa wakati. Inawezekana. Nilijiambia hivyo kila kona.

Stesheni alikuwa akitungojea kaka yake mama, mzee mrefu aitwaye Mzee Eliya. Alinisalimia kwa mikono miwili. Msichana kama mimi, mwanafunzi, kusalimiwa na mzee kwa mikono miwili! Hata hapo sikushtuka. Tulipanda bajaji, wao wawili kimya, mimi katikati na chupa yangu ya asali nikisogeza midomo.

Kibirizi ilinipokea kwa harufu ya dagaa walioanikwa, wamemeta kila mahali mpaka karibu na maji, na wapagazi waliokuwa wakipigiana kelele za kupishana. Lakini kila tulipopita kelele zilipungua. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walisimama wima. Mmoja alivua kandambili zake akatufuata.

Nyumba ya Mama Yotamu ina ua mpana. Uani kulikuwa na mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa wamejitanda, wanaume kwenye mabenchi, jiko la kuni limewashwa nje na sufuria kubwa juu yake. Moyo uliniuma. Maskini Mama Yotamu, nikawaza, kumbe anarudi kwenye msiba, ndiyo maana hali! Nikafanya alichofundishwa kila mmoja wetu. Nilivua viatu, nikainama, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Poleni sana kwa msiba."

Sitaki kuwaelezea kilio kile. Mama Yotamu alianguka chini mzima mzima, wakamdaka wanawake wawili, na jina la Yotamu likapanda kutoka kila upande wa ua. Hapo ndipo baridi iliponipanda kuanzia nyayoni. Yotamu? Yotamu si ndiye wa mageti?

Mzee Eliya alinijia, machozi yakimtoka bila aibu. "Binti, umefanya vyema kumfikisha. Sasa tuambie. Alipatwa na nini?"

"Nani?"

"Yotamu."

"Simjui Yotamu! Babu, mimi simjui! Mimi ni mwanafunzi. Yale maneno ni ya mchezo wa kuigiza!"

Nilisema kwa kelele, watu wakanyamaza kidogo kidogo. Nikatoa karatasi yangu nikampa, nikidhani imeniokoa. Mzee Eliya alivaa miwani akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Mama, nimetoka mbali na sikuleta heri. Mwanao hatunaye tena..."

Basi kilio kikaanza upya. Na mnielewe, karatasi ile haikuwa na jina la tamthilia, wala la mwandishi, wala la mama mwenyewe. Ilikuwa ni maneno ya kupeleka msiba, yaliyoandikwa vizuri, mkononi mwa msichana aliyefika na mfiwa. Hata mimi nisingejiamini.

Uani: tukingoja simu

Kujieleza kulichukua muda. Waliniamini wengi, nadhani, kwa jinsi nilivyokuwa nalia. Wengine walinong'onezana kwamba nimeogopa tu kusema. Mama Yotamu alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho makavu sasa, na alinishika kifundo cha mkono.

"Kama ni mchezo, sawa," alisema. "Lakini haondoki mtu hapa mpaka nisikie sauti ya mwanangu."

"Mwachie, dada," Mzee Eliya akasema. "Ana shughuli zake Ujiji."

Aliniachia. Nilikuwa huru. Bodaboda walikuwa pale nje, na jua lilikuwa limeshaanza kulala. Nawaambia ukweli, nilisimama. Nilifika hata mlango wa ua. Kisha nikamsikia Mama Yotamu nyuma yangu akimpigia tena mwanawe, na lile jibu la mashine likasikika kwa sauti kubwa: haipatikani. Nikarudi nikakaa.

Niliwasha simu yangu nimpigie Dokta. Nilimwambia nimekwama Kibirizi kwenye msiba usiokuwa msiba. Akasema, "Zuhura, unajua masharti," akakata. Kabla sijaiweka, simu ikaita. Mama yangu.

"Mbona hupatikani?" Sauti ilikuwa imekauka. "Napiga, napiga, napiga. Nimeshampigia mpaka shangazi yako wa Dodoma aende stesheni kuuliza kama treni imeanguka."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko, na kupitia uwazi wa ukuta nilimwona Mama Yotamu na simu yake sikioni. Nilimwambia mama yangu nisamehe, nikarudia, nisamehe, mpaka naye akaanza kuogopa upya.

Tuligawana kazi. Mzee Eliya alimpigia Mrundi mmoja wa Dar aliyemjua, huyo akampigia mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema kijana hajaonekana tangu asubuhi ya juzi, akaahidi kumtafuta bosi wake. Hilo Mzee Eliya hakumwambia mtu, alilimeza mwenyewe. Nililijua kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu naye. Itakuwaje kama ni kweli? Itakuwaje kama nilikuwa nimeileta kweli habari ile, bila kujua? Wazo la kipumbavu, lakini jaribuni kukaa kwenye mkeka ule muone kama hamtaliwaza. Mtihani wangu ulikuwa unanipita hapo Ujiji, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuwa nauogopa. Niliogopa kingine.

Simu ya Mama Yotamu iliita kwa namba ngeni. Mzee Eliya akabonyeza spika.

"Mama? Mbona mnampigia bosi wangu, kuna nini? Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la kupozea vyuma. Tuko saiti Kibaha, tunalala huku huku."

Mama Yotamu aliichukua simu kwa mikono miwili.

"Yotamu," alisema. "Umekula?"

Ndipo alipolia. Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja, mmoja akanipiga kofi la mgongo lililonitoa kikohozi, na chakula cha matanga kikapakuliwa kama cha sherehe: ugali wa muhogo na migebuka iliyoogelea kwenye mawese. Mama Yotamu alikula kama mtu aliyefunga tangu Tabora, na ndivyo ilivyokuwa. Alinimegea matonge yeye mwenyewe. Kila nikitaka kusema samahani, ananitia lingine mdomoni.

Ujiji

Dokta nilimkuta anakunja viti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka ukutani mabega yakimtetemeka, na aliponigeukia alikuwa anafuta miwani.

"Karatasi yako utabaki nayo," alisema. "Lakini siku hiyo ukikwama mbele za watu, mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Siku za masomo sina mengi ya kuwaambia. Tulijifunza kuanguka bila kuumia, kupigana kwa fimbo, na kucheza mchana kweupe ambapo unawaona watazamaji kama wanavyokuona, ndivyo walivyocheza wale wa zamani. Wanawake wa tamthilia zile walichezwa na wavulana, kwa hiyo Dokta alimpa mwanamume nafasi ya yule mama wa kwenye karatasi yangu. Nilimjua siku yenyewe tu: Filbert wa Sumbawanga, amenyoa ndevu, amevaa kitenge.

Tulichezea uwanja wa shule, baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa, wengine wakitoka msikitini, wengine na vikapu vyao vya sokoni. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Filbert akasema, "...na mlango ufunguliwe."

Nikaingia. Na mbele kabisa, kwenye mkeka, amekaa Mama Yotamu na wanawake wote wa ule ua.

Sikuwa nimesahau. Nataka mlijue hilo. Maneno yote yalikuwapo mdomoni, yamejipanga. Dokta, aliyeshika kitabu kizima nyuma ya pazia, alininong'oneza, "Mama, nimetoka mbali," na nilimsikia vizuri. Ila nilikuwa namtazama mtu ambaye nilikwisha mwona akianguka kwa maneno haya haya, na ulimi ulikataa kumrudishia. Kimya kikawa kirefu. Nikasikia Dokta akivuta pumzi. Nikaona ule mwaka mzima wa kurudia ukinijia.

Mama Yotamu aliinuka kwenye mkeka wake.

"Sema, mwana wanje," aliniambia, mbele ya Ujiji yote. "Wangu nimeongea naye asubuhi."

Watu walicheka. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa yeye alikuwa hajacheka. Alikaa akajitanda vizuri, kama anayesubiri habari za mwenzake.

Nilimgeukia Filbert. "Kaa kwanza, mama," nikasema. Halikuwamo kwenye karatasi yangu wala yake. Alinitazama kwa hofu ya kweli, maana naye alikuwa akingoja maneno ya kushtukia ambayo hayakuja, akakaa chini. Nikakaa karibu naye. Nikamshika mkono. Ndipo nikamwambia.